Benki za vijidudu: maswali yenu

*Kwani kuna haja gani ya kufuga bakteria wakati DNA yao ishasomwa, iko kwenye kompyuta?*

DNA iliyosomwa ni maandishi tu ndugu yangu, huwezi kuyamwagia dawa uone yanakufa au la. Chukua NCTC, benki ya bakteria ya Uingereza, ilianza 1920, kalcha (bakteria waliooteshwa) namba 1 pale ilitoka kwa askari Ernest Cable, alifariki kwa kuhara damu huko Ufaransa 1915, vita ya kwanza ya dunia. Karibu miaka mia baadaye wataalamu wakaiotesha tena wakakuta penisilini haiiwezi, na mwanasayansi Fleming kaja kugundua penisilini 1928! Yaani usugu ulikuwepo dawa yenyewe haijajulikana. Genomu yake, yaani DNA yake yote, wakaianika, ila anayebisha anaweza kuagiza bakteria mwenyewe akapima upya, hapo ndo uwazi ulipo.

*Miaka mia kwenye friji?*

Wapi! Bakteria anagandishwa, maji yanafyonzwa akiwa kwenye barafu hivyohivyo, afu anafungiwa kwenye kichupa cha kioo, mdomo unayeyushwa kwa moto hewa isiingie. Ndani unabaki unga kidogo tu. Wengine wanazamishwa kwenye naitrojeni iliyo kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

*Nikigundua bakteria mpya nalazimika kumgawa?*

Ukitaka jina lake litambulike rasmi, ndiyo, unampeleka benki mbili za nchi mbili tofauti na wengine waruhusiwe kumwagiza. Mwanasayansi Thomas Brock alimtoa bakteria Thermus aquaticus kwenye chemchemi za moto za Yellowstone miaka ya 60, akamweka ATCC, benki ya vijidudu kule Marekani, baadaye kampuni ya Cetus ikamchukua hapo ikapata enzaimu ya Taq, ndo iliyoibeba PCR, kipimo kilekile cha korona. Hifadhi ya Yellowstone haikuambulia kitu.

*Si ndo yaliyotupata Wakenya kule Ziwa Bogoria?*

Yanafanana. Vijidudu vilichukuliwa kwenye maziwa ya magadi, na 2004 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakalalamika kwamba kampuni ya Genencor inauza enzaimu zilizotokana navyo bila Kenya kupewa chake. Siku hizi kuna Itifaki ya Nagoya ya 2010, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida za viumbe, unaomba ruhusa kwanza, mnaandikishana mgao. Mi naona ni haki, sema makaratasi yake yanamkwamisha mwanafunzi wa hapahapa kabla hayajamgusa mwenye kampuni.

*Mwanafunzi naweza kuagiza?*

Wasio na madhara, ndiyo, kupitia chuo chako. Kimeta sahau.