Maswali na Majibu: Vigae, Chokaa na Daftari la Makumbusho

Barua za safari hii zinahusu vitu na majengo ya kale; nyingi zimetoka pwani, chache bara. Tumejibu tano. Maswali tumeyafupisha, majibu hatukuyabania.

Nachimba msingi wa nyumba karibu na Kilwa Masoko. Tulipofika kina cha mita moja hivi, vijana wametoa vigae vingi vya vyungu, shanga ndogo za rangi na kipande cha bakuli la kijani linalong'aa. Fundi anataka kuendelea kesho. Nikitoa taarifa nitanyang'anywa kiwanja?

Kutoa taarifa hakufuti hati yako. Kinachotokea kwa kawaida ni kazi kusimama kwa muda ili wataalamu wapime na kuokoa kilichopo. Pengine mtashauriwa kusogeza msingi kidogo. Kinachomtia mtu matatani ni kunyamaza au kuuza. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 na majengo ya kabla ya 1886. Hata milango ya nakshi na fremu zake za kabla ya 1940 zimo, jambo ambalo wanunuzi wa milango hujifanya hawalijui. Kwa wasomaji wetu wa Kenya, sheria ya 2006 inakutaka utoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7.

Kesho fundi asiendelee. Vilivyobaki kwenye kuta za shimo viacheni vilevile. Chukua mwiko, kwangua ukuta mmoja taratibu mpaka matabaka ya udongo yaonekane kwa rangi zake, kisha piga picha ukiwa umesimamisha futi ya fundi pembeni. Kama futi haipo, hata sarafu ya shilingi mia mbili itasaidia kuonyesha ukubwa. Pima kutoka usawa wa ardhi hadi tabaka lenye vigae. Chukua nukta ya ramani kwenye simu, lakini usiitegemee peke yake, maana simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa. Pima pia umbali kutoka vitu viwili visivyohama, kama kona ya nyumba ya jirani na mbuyu.

Vilivyokwisha kutoka tieni kwenye mifuko, kila kina na mfuko wake. Ndani ya mfuko weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli: mahali, kina, tarehe. Wino wa kalamu huyeyuka kwa unyevu, penseli haiyeyuki. Mfuko wa plastiki utoboe matundu madogo, la sivyo vitu vitaota ukungu ndani ya siku chache.

Msioshe chochote. Masizi na ukoko ulioganda ndani ya chungu unaweza kueleza chakula kilichopikwa na hata kupimwa umri kwa kaboni, na maji ya bomba na brashi huondoa vyote hivyo. Msisugue shaba hata kidogo. Sarafu za masultani wa Kilwa ni nyembamba na ndogo, na zikitoka ardhini huwa na kutu ya kijani. Ukizisugua kwa ndimu na mchanga zinang'aa vizuri sana, ila jina la sultani linakuwa limeondoka na kutu.

Bakuli lako la kijani litazame kwenye mvunjiko. Kama ndani ni kijivu au nyeupe, gumu kama jiwe, huenda ni seladoni, yaani kauri ya kijani ya Uchina, ambayo kwenye mwambao wetu huonekana zaidi katika matabaka ya karne ya 13 hadi ya 15. Kama ndani ni ya manjano hafifu, laini kiasi kwamba ukucha unaacha alama, na glezi yake (ule mng'ao wa kioo uliopakwa juu) ya kijani-buluu inabanduka, hicho ni chombo cha kutoka pande za Ghuba ya Uajemi na ni cha zamani zaidi, karne ya 8 hadi ya 10.

Taarifa ianzie kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, iende kwa afisa utamaduni wa wilaya, naye aifikishe kwa watu wa malikale, yaani ofisi ya serikali ya mambo ya kale. Peleka kwa maandishi, bakiza nakala yenye muhuri.

Mkikuta mifupa ya mtu, utaratibu ni mwingine. Msinyanyue fuvu. Funikeni kwa kitambaa, juu yake udongo laini, kisha mwiteni mwenyekiti na polisi, kwa sababu lazima kwanza ijulikane kwamba si kifo cha karibuni. Kama maiti amelazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kaskazini, hilo ni kaburi la Kiislamu, maana kwetu kibla kiko kaskazini. Imamu na wazee waulizwe kabla ya mtu yeyote kugusa.

Mzee mmoja ana ramani ya mali aliyoficha Mjerumani karibu na boma la zamani. Tumechangishana kukodi mashine ya kutambua madini. Tunahitaji kibali gani?

Kuchimba eneo la kale kunahitaji leseni ya malikale, na leseni hiyo hupewa watafiti wenye mpango wa utafiti, mahali pa kuhifadhi vitu na ahadi ya kuandika ripoti. Watafuta hazina hawamo. Ramani za namna hii huzunguka nchi nzima, na anayefaidika mara zote ni mwenye ramani na mwenye mashine. Ni kweli Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora mwaka 1916, walipokuwa wamezingirwa na vita, lakini sarafu hizo ziliingia mikononi mwa watu zikatumika. Mashimo yaliyochimbwa chini ya kuta za maboma kutafuta masanduku, hayo tunayaona, na mvua ikinyesha ukuta unafuata shimo. Rudishianeni michango.

Kikundi chetu cha wanawake na vijana mkoani Njombe kimepewa chumba na kijiji. Tunataka kufungua makumbusho ndogo ya vitu vya wazee wetu. Tuanze na nini? Hatuna makabati ya vioo.

Kabati la kioo lingoje. Nunueni daftari kubwa la jalada gumu, lililoshonwa, ili karatasi isichomoke bila kuonekana. Kila kitu kinachoingia kipewe namba siku hiyohiyo: mwaka, kisha namba ya kupokelewa. Kwa mfano 2025.7 ni kitu cha saba mwaka huo. Mbele ya namba andikeni jina la kitu kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, vipimo kwa sentimita, kimetoka kijiji gani na kwa nani, kilitumikaje, nani alikitengeneza kama anajulikana, kina kasoro gani leo. Safu ya kasoro ndiyo inayorukwa sana. Bila hiyo, siku mwenye mali akisema mmemvunjia kigoda hamna jibu. Kila mwezi pigeni picha kurasa mpya, zihifadhiwe nje ya jengo.

Safu nyingine ya lazima: ni zawadi au ni azima? Hapa ndipo makumbusho ya vijiji hugombana na watu wake. Bibi analeta mkuki wa marehemu mumewe kwa moyo mmoja. Miaka miwili baadaye anakuja baba mdogo kutoka mjini anauliza nani kauza mkuki wa ukoo. Andikeni fomu ya ukurasa mmoja, watie sahihi watu wawili wa familia, nakala moja ibaki kwao. Kama ni azima, iandikwe tarehe ya kurudisha, na tarehe hiyo ikifika mwiteni mwenyewe aje aseme kama anaongeza muda. Familia ikizoea kuona kwamba mnarudisha, italeta na vile ilivyovificha.

Kabla ya kuweka kitu hadharani ulizeni swali ambalo wageni hawajui kuliuliza: kuna asiyeruhusiwa kukiona? Baadhi ya vitu vya tambiko na vya unyago havikutengenezwa kwa macho ya kila mtu. Wazee wakikataa, msiviweke, wala picha zake msizitundike. Pale Kalenga, nje kidogo ya Iringa, fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limewekwa kwenye makumbusho, na kila anayeingia anajua anaingia kwa ukoo uliofiwa. Kitu kama hicho kinaendeshwa kwa makubaliano na wenyewe.

Kuweka namba kwenye kitu: msiandike kwa biro moja kwa moja, wala msibandike selotepu. Gundi yake hugeuka rangi ya chai, na siku ya kuibandua inaondoka na ngozi ya kitu. Kwa mbao, vibuyu, vikapu na ngozi, fungeni lebo ya karatasi nene kwa uzi wa pamba. Kwa chungu na chuma kisicho na kutu, pakeni tone jembamba la vanishi ya makumbusho iitwayo Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwa asetoni, iache ikauke, andika namba kwa wino mweusi, paka tone jingine juu. Namba ikae chini au nyuma, mahali mgeni haoni. Watu wa makumbusho ya mkoa wanaweza kuwagawia kichupa kidogo. Kwenu njia ya karibu ni Boma la Iringa, jengo la Wajerumani lililofunguliwa kama makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Nendeni mkaombe pia siku moja ya mafunzo, hata kama mnaona aibu kwamba mna vitu ishirini tu.

Adui mkubwa ni wadudu. Mkiona unga laini mweupe chini ya kigoda kila asubuhi, mdudu yumo ndani anakula. Msipake mafuta ya taa wala dawa ya mchwa, kwani huchafua mbao na kuwadhuru wanaoshika. Tafuteni friza ya duka inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri. Funga kitu kwenye plastiki, toa hewa, ziba kabisa, kiache wiki mbili. Ukikitoa usifungue plastiki mpaka siku ya pili, ili umande uliotanda nje usiingie kwenye mti. Ngoma iliyowambwa ngozi ikakaza sana msiigandishe, inaweza kupasuka. Vitu vyote vikae juu ya rafu, sentimita 15 kutoka sakafuni na mbali kidogo na ukuta, ili mchwa akipanda aonekane njia yake.

Kuhusu kuendesha: makumbusho madogo huuawa na ufunguo. Uko kwa mtu mmoja, naye kasafiri, na walimu wamefika na darasa zima. Ufunguo uwe na watu watatu, na saa za kufungua ziwe chache lakini za kweli. Jumamosi asubuhi kila wiki inatosha.

Wanafunzi wangu wa darasa la sita hupenda kuokota vigae ufukweni karibu na magofu. Sanduku la darasa limejaa. Nitajuaje umri wake? — Mwalimu, Tanga

Mwalimu, sanduku lisiongezeke. Kigae kilichookotwa bila kuandikwa mahali kimebaki na umbo tu. Wafundishe kuvisoma palepale: vuta kamba ya mita 20, watoto wasimame kwa umbali wa mita moja, watembee taratibu, kila kigae wakichomekee kijiti pembeni. Hesabuni, choreni vitano, ondokeni na michoro. Wachague vyenye ukingo wa mdomo au nakshi, kwa kuwa kipande cha tumbo la chungu kisicho na pambo hakisemi mengi.

Vigae vya kienyeji vyenye pembetatu zilizochorwa kwa mistari chini ya shingo huonyesha karne ya 7 hadi ya 10, na hupatikana kutoka Lamu hadi kusini mwa Kilwa. Udongo mwekundu wenye michoro iliyokwaruzwa chini ya glezi ya manjano au kijani ni wa karne ya 11 na ya 12 hivi. Michoro myeusi juu ya manjano ilitoka Yemeni, karne ya 14. Yale mabakuli ya maua ya rangi kali ambayo watoto hudhani ni ya Washirazi yametoka viwandani Ulaya, mengi karne ya 19.

Vigae vyenye kingo zilizolainika vimesukwasukwa na mawimbi muda mrefu. Vikiwa na kingo kali, ukingo wa pwani unamomonyoka hivi sasa. Pigeni picha ya mahali hapo, mkisimama palepale, kila baada ya bamvua, yaani maji makuu ya bahari. Mfuatano wa picha za mwaka mmoja ni taarifa ambayo ofisi ya malikale haina watu wa kuikusanya.

Nimepewa kazi ya kukarabati ukuta wa msikiti wa zamani Pangani. Miaka michache nyuma ulipigwa lipu ya saruji, sasa inadondoka na mawe. Niongeze saruji? — Fundi

Fundi, saruji ndiyo inayoudondosha. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wenye chumvi kutoka chini na kuutoa usoni. Saruji ikiziba uso, chumvi hugandia nyuma yake, inavimba, inasukuma lipu pamoja na ngozi ya jiwe.

Hakikisha kwanza kamati ya msikiti imepata idhini ya malikale. Kisha bandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo, usitumie grainda wala mashine ya kutetemesha. Pale ilipong'ang'ania jiwe, iache. Uache ukuta ukauke kiangazi chote ukiweza, ukifagia chumvi inayotoka kwa brashi kavu.

Chokaa mbichi zima mwenyewe: tia chokaa ndani ya maji, usimwagie chokaa maji, kwa sababu huchemka na kuruka machoni. Vaa miwani. Iache chini ya maji wiki tatu au zaidi. Changanya ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga wa mto uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni unarudisha chumvi uliyotoka kuifagia. Usitie saruji "kidogo ya kushikia".

Lowesha ukuta jioni na tena asubuhi. Piga tabaka lisilozidi sentimita moja, ngoja wiki, ndipo upige la pili. Kila tabaka lifunike kwa magunia yenye maji siku saba. Ukiona nyufa nyembamba siku ya pili, ama tabaka lilikuwa nene, ama ukuta ulikuwa mkavu, ama jua lilipita kwenye gunia. Lowesha nyufa hizo, zikandamize kwa kibao cha mbao kabla chokaa haijashika.