Uliza Bibi: Nani alivunja mkataba Mamasapano?

SWALI: Shikamoo Bibi. Juzi kijiweni tulibishana kuhusu Ufilipino. Mwenzangu anasema Wamoro, wale Waislamu wa kusini mwa nchi hiyo, walivunja mkataba wa amani wakaua wanajeshi 44. Mimi nasema serikali ndiyo iliyovunja. Nani mkweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza, hao 44 hawakuwa wanajeshi. Walikuwa polisi, makomando wa kikosi maalumu. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 2015 waliingia Mamasapano, mkoani Maguindanao huko kusini, kumsaka Zulkifli bin Hir, maarufu kama Marwan, Mmalaysia mtengeneza mabomu aliyekuwa akitafutwa na Marekani. Walimuua, wakamkata kidole kikapimwe DNA. Kazi iliyowapeleka ikaishia hapo. Kutoka ndiko kulikowashinda.

Kampuni moja ya watu 36 ilibaki kwenye shamba la mahindi kuwalindia wenzao njia. Kulipokucha wakajikuta peupe, hakuna pa kujibanza. Katika wale 36 alipona mmoja tu. Upande wa pili nao wapiganaji wa Kimoro wasiopungua 17 walikufa, na raia pia, akiwemo mtoto mdogo. Tafadhali, mkibishana tena, na hao muwahesabu.

Sasa mkataba. Serikali na MILF, kundi la wapiganaji wa Kimoro, walitia saini Machi 2014, na tayari walikuwa na kamati ya pamoja: polisi wakimfuata mhalifu kwenye eneo la MILF, wapashane habari mapema ili wapiganaji wapishe njia. Siku ile hawakupashana. Wakubwa waliogopa siri itavuja, maana Marwan alishawaponyoka zaidi ya mara moja. Hofu hiyo naielewa, ila siikubali. Usiku, kwenye kijiji chenye bunduki, mtu anayeingia bila hodi hupokewa kama adui. Kwa hiyo hapo uko sahihi.

Lakini na mwenzako usimnyamazishe. Uchunguzi ulionyesha kuwa baadhi ya askari walipigwa risasi kwa karibu wakiwa wameshajeruhiwa. Huko si kujihami, na hakuna atakayenishawishi vinginevyo.

Februari ile MILF walirudisha bunduki 16 za marehemu. Manila watu walikuwa na hasira, na muswada wa kuunda Bangsamoro, eneo la Wamoro, ukakwama bungeni hadi Rais Aquino akaondoka madarakani. Sheria ilipita 2018, wananchi wakapiga kura mwanzoni mwa 2019, na Murad Ebrahim, kiongozi wa MILF, akawa waziri mkuu wa kwanza wa eneo hilo lenye mamlaka yake ya ndani. Mamasapano imo humo.