Maswali ya Wasomaji: Kushuka Bonde la Venosta kwa Baiskeli Bila Bughudha ya Magari

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Moshi, na kwa miaka sita sasa nafanya kazi ya uuguzi mjini Munich. Nimejifunza upya kuendesha baiskeli ukubwani, pamoja na mwanangu wa miaka 14. Mwaka jana tulijaribu barabara moja ya milimani, lakini malori na pikipiki zilitupita kwa karibu mno hata mtoto akaapa kwamba hatarudi tena. Je, ipo sehemu katika milima ya Alps ambako mtu asiye mwanariadha anaweza kuendesha siku nzima bila kupigiwa honi? — Mama N., Munich.

JIBU: Dada yetu, sehemu hiyo ipo, na haiko mbali na hapo ulipo. Vuka Austria uingie bonde la Venosta, kaskazini mwa Italia, pale nchi hiyo inapopakana na Austria na Uswisi. Wenyeji wengi wa huko huzungumza Kijerumani na huliita Vinschgau, kwa kuwa eneo hilo lilikuwa la Austria hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha. Kwa hiyo usishangae ukikuta vibao vyenye majina mawili, Resia na Reschen, Malles na Mals. Kijerumani chako cha wodini kitakutosha kabisa.

Njia ya baiskeli ya bonde hilo huanzia kwenye kipito cha Resia, yaani sehemu ya chini kati ya milima ambako barabara huvukia, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hushuka kwa takriban kilomita 80 hadi mji wa Merano, ulio kwenye mita mia tatu na ushei tu. Barabara kuu yenye malori hupita katika bonde hilohilo, lakini njia ya baiskeli imetengwa nayo kwa sehemu kubwa, ikiandamana na mto Adige na vijia vya mashambani. Huo ndio takriban uelekeo wa Via Claudia Augusta, barabara ya Warumi iliyokamilishwa zama za Kaisari Klaudio, miaka ya 46 na 47 baada ya Kristo.

Nakusihi uanzie juu ukielekea chini, na uondoke mapema, saa mbili asubuhi ikiwezekana. Urahisi wa mteremko unaujua, lakini kuna jambo la pili ambalo wageni hulisahau: siku ya jua katika mabonde ya Alps, miteremko ya milima hupata joto na kuivuta hewa kutoka chini, hivyo kuanzia adhuhuri upepo huvuma kupanda bonde, na anayeshuka hukutana nao usoni. Mtu aliyechelewa kuondoka anaweza kujikuta akikanyaga pedeli kwa nguvu mahali ambapo baiskeli ilipaswa kwenda yenyewe.

Juu kabisa kuna ziwa la Resia, ambalo mnara wa kanisa wa karne ya 14 unachomoza kutoka majini. Mnara huo ni mabaki ya kijiji cha zamani cha Curon, kilichozamishwa mwaka 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme, na wakazi wake wakalazimika kuhama. Kando ya ziwa njia ni tambarare, lakini baada ya kijiji cha San Valentino inateremka kwa ukali hadi Malles. Kwa mtoto aliyekwisha kuogopa, sehemu hiyo si mahali pa kurudishia moyo. Shauri langu ni kwamba siku ya kwanza muanzie Malles, kwenye kimo cha mita elfu moja hivi, na ziwa mlitembelee kesho yake kwa basi.

Kutoka Malles mtafika upesi Glorenza, mji mdogo sana ambao bado umezungukwa na ukuta wake wa kale, kisha Lasa, panapochimbwa marumaru nyeupe. Baada ya hapo ni matufaha, matufaha na matufaha tena, mistari kwa mistari hadi mtu achoke kuyatazama. Katikati ya bonde hupata mvua kidogo, takriban milimita 500 kwa mwaka, kiwango kisichozidi kile cha Dodoma. Ndiyo maana tangu zamani wakulima wamekuwa wakichimba mifereji ya kuteremsha maji kutoka milimani, inayoitwa Waale. Wewe uliyekulia Moshi utaitambua mara moja, kwani ni ndugu wa mifongo ya Wachaga: maji yanafuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Kando ya mifereji hiyo kuna vijia vizuri, lakini ni vya watembea kwa miguu, kwa hiyo baiskeli iachwe chini.

Nisikudanganye kwamba njia ni tupu. Trekta za wakulima zina haki ya kupita katika baadhi ya vipande, hasa Septemba na Oktoba wakati wa kuvuna, na dereva wake hatakusubiri uamue unakwenda upande gani. Baiskeli za umeme nazo ni nyingi, na mwezi wa Agosti, hasa siku zinazoizunguka sikukuu ya tarehe 15, msongamano wake hunikera kuliko magari. Nenda mwishoni mwa Mei, au Septemba shule zikifunguliwa, endapo zamu zako na masomo ya mtoto vitaruhusu walau Jumamosi na Jumapili.

Kinacholifanya bonde hili liwafae wasio wanariadha ni reli. Njia ya treni kati ya Merano na Malles, yenye urefu wa kilomita 60, ilifunguliwa mwaka 1906, ikasitishwa mwaka 1990 watu walipodhani magari yanatosha, kisha ikakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2005. Inakwenda sambamba na njia ya baiskeli, kwa hiyo mkichoka, au mvua ikiwanyeshea, mnaingia kituo kilicho karibu na safari inaishia hapo bila aibu. Nafasi ya baiskeli ndani ya treni ni finyu, hivyo ni afadhali mkodi kwenye kituo cha juu na kuzirudisha kwenye kituo cha chini, huduma ambayo ipo. Angalieni ratiba kabla ya kuondoka, kwa kuwa reli inapofungwa kwa matengenezo huletwa mabasi, na mabasi hayana subira na baiskeli. Kutoka Munich, pandeni treni ya kupitia Brenner hadi Bolzano, kisha Merano na Malles.

Mambo mawili ya usalama. Karibu na mwisho, kati ya Tel na Merano, njia inashuka kwa kona kali zinazofuatana. Mbane breki zote mbili kabla ya kona, si ndani yake. Na kama mtachelewa, sheria ya Italia inamtaka mwendesha baiskeli avae fulana ya kuakisi mwanga anapokuwa nje ya mji usiku, na pia ndani ya mahandaki ya barabarani.

SWALI: Nimesikia kwamba kuna siku magari hufungiwa barabara ya kipito cha Stelvio, hukohuko Alps ya Italia. Ni kweli? Mimi huendesha baiskeli kutoka Himo hadi lango la Marangu, mlimani Kilimanjaro. Je, nitaweza? — Msomaji, Arusha.

JIBU: Ni kweli. Jumamosi moja kwa mwaka, kwa kawaida mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, barabara hiyo iliyojengwa kati ya mwaka 1820 na 1825 huachiwa baiskeli kuanzia asubuhi hadi alasiri. Siku hiyo hakuna magari, ila kuna maelfu ya watu, kwa hiyo utulivu utaupata masikioni tu.

Ukiweza Marangu una msingi, lakini huna safari yote. Unaanzia Prato, katika bonde hilohilo la Venosta, kwenye kimo kinachokaribiana na cha Himo. Tofauti ni kwamba lango la Marangu liko mita 1,879, ilhali Stelvio inaendelea hadi mita 2,757, juu kidogo ya kambi ya Mandara ya Kilimanjaro, kwa kilomita 24 za kupanda na kona 48 zenye vibao vinavyohesabu kurudi nyuma hadi moja. Weka gia nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji, na ubebe koti, kwa sababu jasho la kupanda hugeuka baridi kali dakika chache baada ya kuanza kushuka.

Ukifika, usirudi kwa njia uliyopandia, kwani utakuwa unashuka katikati ya umati unaopanda. Teremka kilomita chache upande wa Bormio, kisha kata kulia kupitia kipito cha Umbrail hadi Santa Maria, Uswisi, na kutoka hapo utarejea Prato kupitia Glorenza. Viza ya Schengen inatosha kwa nchi zote mbili, ila pasipoti iwe mfukoni.