Nanga, Simba na Herufi J.B.

SWALI: Bibi yangu wa Machame ameniachia kidani cha fedha cha umbo la yai, kinachofunguka, chenye picha iliyofifia chini ya kioo. Ndani ya kifuniko zimegongwa alama nne, kila moja ndogo kuliko punje ya mtama: herufi J.B., nanga, simba anayetembea, na herufi k. Mjomba anasema nanga ni ya kampuni ya meli iliyokileta. Sonara niliyemwendea hapa mjini anasema J.B. inatosha kumjua fundi, na ameomba akisugue kidani ili alama zionekane vizuri. Nishike la nani?
Msomaji, Moshi

JIBU: Kwanza kabisa tunakuomba kidani hicho kisisuguliwe. Alama hizo hazikuchimbwa kwa kina kirefu, na kila mara dawa ya kung'arishia, majivu au dawa ya meno inapopita juu yake, hulika kidogo, mpaka siku moja simba anabaki doa tu na ushahidi wote umepotea.

Nanga haihusiani na meli. Ni alama ya ofisi ya kupima ubora wa fedha ya Birmingham, mji wa Uingereza ulio mbali na bahari, na imetumika huko tangu ofisi hiyo ilipofunguliwa mwaka 1773. Sheffield, iliyopata ofisi yake mwaka huohuo, iligonga taji. London hugonga kichwa cha chui. Chester ilikuwa na upanga na miganda mitatu ya ngano. Simba anayetembea ndiye shahidi wa ubora: katika sehemu 1000 za madini hayo, 925 ni fedha halisi. Ni vyema kulijua hili kwa sisi wa Kilimanjaro, kwa sababu vitu vya zamani vilivyomo katika nyumba zetu si vyote vya Waingereza. Vilivyotengenezwa Ujerumani mara nyingi huwa na namba 800 pamoja na mwezi mwandamo na taji, alama zilizoanza kutumika huko mwaka 1888.

Kuhusu J.B., sonara wako ameshika sehemu ya ukweli. Herufi hizo zilisajiliwa katika ofisi ya upimaji na aliyepeleka kitu kupimwa, ambaye aliweza kuwa fundi mwenyewe, lakini pia aliweza kuwa mwenye karakana au mwenye duka ambaye hakuwahi kushika nyundo. Zaidi ya hayo, watu wengi walikuwa na herufi zilezile, wengine katika mji mmoja. Kwa hiyo J.B. haisomwi peke yake. Husomwa pamoja na nanga, inayokupeleka kwenye rejista za Birmingham na si za London, kisha pamoja na umbo la fremu inayozunguka herufi hizo: je, ni ya mstatili, ya duara dufu, au ina pembe zilizokatwa? Je, kuna nukta kati ya J na B? Tofauti ndogo kama hiyo ndiyo inayomtenga mtu mmoja na mwingine.

Herufi k ni ya mwaka. Ilibadilishwa kila mwaka, na alfabeti ilipokwisha ilianza upya kwa mwandiko mwingine, hivyo k moja inaweza kuwa ya enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, na nyingine ya miaka mingi baadaye. Linganisha mwandiko wake na fremu yake na jedwali la Birmingham, maana kila mji ulikuwa na mpangilio wake. Wengine watakuambia kwamba bila kichwa cha malkia kidani si cha zamani. Usikubali haraka. Kichwa hicho kilikuwa alama ya kodi iliyofutwa mwaka 1890, na vitu vingi vidogo vya mapambo havikutozwa kodi hiyo hata kabla ya hapo.

Ili uzisome vizuri, pangusa kifuniko kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, bila kulowesha upande wa picha, kisha kaa karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukiingia kwa ubavu. Mwombe sonara lenzi yake badala ya dawa yake, na upige picha ya kila alama kwa simu kupitia lenzi hiyo. Halafu tazama nusu ya pili ya kidani: kama nayo ina simba, kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba nusu zote mbili zilipimwa. Pete ya kupitishia mkufu, ikiwa haina alama yoyote na rangi yake ni tofauti, huenda ilibadilishwa baadaye.