Django mbili, laptop moja, na bando la kuungaunga

SWALI: Fundi mambo vipi. Niko Majengo hapa Moshi, laptop yangu ina Ubuntu 24.04. Nilitengeneza saiti ya kampuni moja ya kupandisha watalii mlimani kwa Django 4.2 (ile fremu ya Python ya kutengenezea saiti), juzi nikapata kazi ya hosteli wakataka 5.2. Kila nikipiga pip install (pip ndo inashusha vitu vya Python) inaniletea kosa la externally-managed-environment, mshkaji akaniambia weka --break-system-packages mwisho utaona inakubali. Kweli ikakubali, ila saiti ya watalii sasa haiwaki, inasema cannot import name 'utc'. Nasikia dawa ni venv, sasa bando langu hili la kuungaunga ntashusha kila kitu mara mbili?

JIBU: Mshkaji kakuponza, jina la hiyo amri tu lilitosha kukutisha. Ubuntu yenyewe inatumia Python kwa shughuli zake, ndo maana kuanzia 23.04 wakafunga mlango pip isiingie kuvuruga, na wewe ukaupiga teke. Halafu sehemu moja haikai Django mbili, ilivyoingia 5.2 ile 4.2 ikatolewa, na hiyo utc uliyokuwa unaivuta kutoka django.utils.timezone waliifuta toka 5.0. Kodi (code) yako haina shida, usiiguse kwanza.

Dawa ni venv kweli, yaani chumba cha peke yake cha Python kwa kila saiti, Django ya huku haigusi ya kule. Piga sudo apt install python3-venv maana Ubuntu haiji nayo, kisha ingia folda ya saiti ya watalii:

python3 -m venv .venv
source .venv/bin/activate
pip install "Django~=4.2.0"

Ukiona (.venv) imetokea mwanzo wa mstari kwenye terminali ujue uko ndani, usipoiona usiinstoli chochote, simama hapo hapo. Hiyo ~= inamaanisha nipe 4.2 ya mwisho kabisa ila usivuke kwenda 5. Ukimaliza andika deactivate, nenda folda ya hosteli rudia yaleyale ila weka 5.2.0. Python 3.12 uliyonayo inazibeba zote mbili.

Bando wala usiwaze. Pip ikishashusha kitu inakitunza kwenye ~/.cache/pip, kwa hiyo kama saiti zote zinatumia Pillow (maktaba ya picha) ya toleo lilelile, ya pili inachukuliwa humo humo, na Django yenyewe ni kama MB 8 tu. We usiweke --no-cache-dir kama wanavyoweka watu wenye fiba. Kitakacholiwa mara mbili ni nafasi ya diski.

Ila .venv usiibebe kwenye flashi wala kuipandisha seva, ndani yake kuna njia za folda za laptop yako, ukiihamisha inakufa. Unabeba requirements.txt, orodha ya ulivyoinstoli, unaipata kwa pip freeze > requirements.txt ukiwa ndani, kule seva unatengeneza venv mpya unapiga pip install -r requirements.txt basi.

Halafu 4.2 marekebisho ya usalama mwisho Aprili 2026, kwa hiyo huyo wa watalii mwambie mapema kuna hela ya kuhamia 5.2, mkikaa mpaka msimu wa Juni uchanganye hatakupokelea hata simu.