Anti, bibi yetu alipika dengelua, niandike au nifiche?

Shikamoo Anti. Bibi yetu wa Mlalo kule Lushoto katutoka wiki tatu zilizopita na sasa tunajiandaa na ibada ya arobaini. Kikao cha familia kimenitwika mimi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, eti kwasababu nimesoma na nina laptop. Nimekwama sehemu mbili. Kwanza mwaka wa kuzaliwa, kitambulisho kinasema 1 Januari 1942, baba mkubwa (yeye ndo mtoto wa kwanza, cheti chake cha ubatizo ni 1959) anang'ang'ania niandike 1930 ili bibi awe amepita 90. Bibi mwenyewe ukimuuliza alikuwa anajibu tu, "Mjomba aliporudi na Keya alikuwa na koti refu, nikamkimbia, mama akaniita nikamletee maji ya kunawa", halafu anacheka. Pili, bibi alipika dengelua, ile pombe ya miwa, miaka mingi, ndo iliyosomesha watoto wote sita baada ya babu kufariki. Shangazi zangu sa hivi wameokoka, wanasema neno pombe lisisikike mbele ya mchungaji, niandike tu alikuwa mjasiriamali. Roho inaniuma. Nifanyeje?
Mjukuu, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu kwa hilo neno mjasiriamali.

Mwaka kwanza maana huo ni mwepesi. Kitambulisho usikiamini sana, wazee wetu kibao wamezaliwa 1 Januari kana kwamba walikuwa wodi moja, karani alikosa tarehe akajaza iliyo karibu na kalamu. Bibi mwenyewe kakuachia cheti sema hamkukiona. Keya ni KAR, jeshi la Mwingereza, vijana wa Tanganyika walipelekwa mpaka Burma kupigana na Wajapani na vita vikaisha 1945, kwa hiyo huyo mjomba na koti lake ni 1945 au 1946 hivi. Sasa mtoto wa kukimbia koti anaweza akawa wa miaka mitatu, lakini mtoto anayetumwa maji na yakafika bila kumwagika njiani huyo ana sita au saba. Toa hapo, unaangukia 1939. Na baba mkubwa mwambie kwa adabu kwamba akishikilia 1930 maana yake mama yake alimpata yeye, mtoto wa kwanza, akiwa na miaka 29, Mlalo ile ya zamani, nani atakubali?

Ukitaka uhakika zaidi nenda usharikani waulize kitabu cha ubatizo au cha kipaimara. Halafu mtafute bibi yeyote wa rika lake aliyebaki umuulize habari za matuta. Miaka ya 50 Waingereza waliwalazimisha watu wa Usambara kulima matuta kule milimani kuzuia mmomonyoko, watu wakachukia mno, na mwenye umri ule hajasahau. Muulize bibi yako alikuwa na jembe lake au alikuwa bado analea mtoto wa mwenzie pembeni ya shamba. Ukikosa vyote andika "alizaliwa karibu mwaka 1939", haina aibu.

Sasa dengelua. Jaman. Wasifu za siku hizi zote ni moja, marehemu alizaliwa, akasoma, akaolewa, akajaliwa watoto, akaugua, akafariki, badili jina unamsomea mwingine. Na wewe una mwanamke aliyekata miwa, akaitwanga, akaikamua, akaichachusha na kuilinda isiharibike, akajua nani alipe leo na nani adaiwe mpaka mwisho wa mwezi, yote hayo mjane mwenye watoto sita, halafu umfunike na neno la semina! Miaka ya 80 mwanzoni sukari na sabuni ni foleni, haijakaa sawa karo ya sekondari nayo ikarudishwa. Ada haikushuka kama mana. Ilitoka kwenye ile kata ya kuchotea dengelua.

Ila shangazi zako usiwaone wabaya. Mtoto wa nyumba ya pombe anazomewa shuleni, anapishana na walevi uani akiwa na daftari mkononi, na wewe mjukuu ulimkuta bibi akiwa ameshastaafu, kwako ni hadithi tamu, kwao ni usiku. Kwa hiyo hili usilipeleke kwenye grupu la WhatsApp. Nenda kwa shangazi mkubwa peke yenu, usimuulize kama anakuruhusu kuandika, muulize mama alikuwa anaamka saa ngapi siku ya kupika. Mwache aongee. Akilia mwache alie.

Mimi tulipomzika mama mkwe tuliandika "mkulima", basi, mwanamke aliyezalisha nusu ya kijiji kwa mikono yake. Pale makaburini nikawasikia wamama wawili nyuma yangu, mmoja akasema "hawajasema", mwenzie akaguna. Ule mguno ninao mpaka leo.

Sentensi moja inakutosha: "Baada ya mume wake kufariki, mama alipika dengelua, akasomesha watoto wake wote sita." Isome kwa sauti ya kawaida, usiishushe ukifika kwenye dengelua. Mchungaji hatazimia, kama ni wa huko huko anaijua harufu yake kuliko wewe.

Na huyo bibi wa matuta usimchelewe, nenda Jumamosi hii. Mbebee sukari na majani ya chai, na simu ya kurekodi usiitoe mpaka mmemaliza kikombe cha kwanza.