Jina la kwanza la Benevento

Mwanangu Shida,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, jana usiku umeme uliporudi na leo asubuhi kabla sijatoka. Umeniuliza kama ni kweli Benevento, ule mji wa Italia niliosomea uuguzi, ulibadilishwa jina kwa kuogopa mkosi, na kama jina jipya liliuletea heri. Halafu chini kabisa, kwa mstari mmoja, ukaniambia umeshachukua fomu za kubadilisha la kwako.

Ulibadilishwa, ndiyo. Wasamniti, watu wa milima ile kabla ya Warumi, walikuwa na jina lao, ambalo Warumi walilisikia Maleventum. Kwa Kilatini, male ni vibaya na eventum ni lililotokea, basi masikioni mwao mji mzima ukawa Tukio Baya. Procopius, mwandishi wa karne ya 6, alisema ni habari ya upepo, maana upepo mkali huvuma pale, na mimi niliyepita barabara zake mwezi Februari nikiwa na koti la kuazima simkatalii. Mwaka 275 KK, Warumi walipigana huko na Pyrrhus, mfalme wa Kigiriki aliyekuja na tembo wake, wakamrudisha alikotoka. Mwaka 268 KK wakapeleka walowezi wao, mji ukawa Beneventum, Tukio Jema. Plinio, mwandishi wa Kirumi, aliandika waziwazi kwamba jina liligeuzwa ili liwe la heri. Walikuwa na desturi hiyo. Epidamnus, mji wa ng'ambo ya bahari, waliuita Dyrrachium kwa kuwa jina la zamani liliwakumbusha neno lao la hasara.

Sasa sikiliza. Wapo wataalamu wanaolirudisha jina lile la kwanza kwenye Kigiriki, kwenye neno la tofaa, na wengine kwenye neno la kondoo. Matofaa na kondoo, mwanangu! Ubaya haukuwamo kwenye jina, uliingia kwenye sikio la mgeni. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo: jina ni la aliyelitoa kabla halijawa la anayeitwa.

Unaijua ile picha yangu ya sebuleni, nimesimama chini ya tao la Trajan, mtawala wa Kirumi. Tao lile ni la mwaka 114, mahali ilipoanzia barabara yake ya kwenda bandari ya Brindisi. Ukiingia chini yake, ukutani kuna watu wamechongwa wakipokea msaada wa kuwalisha watoto wao, na mmoja wao amembeba mwanawe mabegani. Mtoto ameketi vile ulivyokuwa ukiketi kwa mjomba wako tukienda gulioni. Jumapili zangu nyingi ziliishia pale, kumtazama baba yule. Sababu yake sijawahi kukueleza yote.

Nilifika mwaka 1984, nina miaka 23. Wiki ya kwanza msimamizi wetu wa wodi aliniuliza Tabu maana yake nini. Nikamjibu kweli, nikamweleza na njaa niliyozaliwa nayo. Akanishika mkono, kwa upole kabisa, akasema wagonjwa hawawezi kuhudumiwa na mtu wa jina hilo, kuanzia leo wewe ni Gioia, furaha. Nikakubali. Niliona hata nimependezwa. Wodini Gioia, jikoni Gioia, bwenini Gioia, hata mlinzi wa getini hakujua lingine.

Mwaka wa pili babu yako akaugua. Bibi yako alimwandikisha mjomba wako barua, anwani sahihi kila herufi, na juu yake Tabu. Barua ikafika getini. Mlinzi akaitazama, akairudisha posta. Ikasafiri tena mpaka Muheza, ubavuni imeandikwa kwa kalamu nyekundu: sconosciuta. Bibi yako akaipeleka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anajua Kiitaliano kidogo, akamsomea: hajulikani. Hebu fikiri, mama aambiwe mwanawe hajulikani. Habari za msiba nilizipata kwa barua nyingine iliyopitia kwa masista, babu yako ameshapitisha arobaini kaburini. Nilikimbilia kwenye tao. Sikuwa na pengine pa kwenda.

Ninamlaumu nani? Mlinzi hakukosea, alimjua Gioia. Msimamizi hakuwa na nia mbaya, na wagonjwa walinipenda kwa jina hilo, huo ni ukweli. Miaka mingi nimeligeuza jambo hili, na kila mara narudi palepale: kosa lilikuwa langu, niliyeitikia.

Heri uliyoniuliza, basi. Mji ulipata tao na barabara, ukapata watawala wa Kilombardi, watu wa asili ya Kijerumani waliokuja baada ya Warumi, walioujengea kanisa la Santa Sofia, karne ya 8, ambalo lipo mpaka leo. Lakini Manfredi, mfalme wa Sisilia, aliuawa vitani karibu na mji huohuo wa jina jema mwaka 1266. Tetemeko liliubomoa 1688. Mwaka 1943 mabomu yaliliangusha kanisa kuu, likabaki uso wake na mnara wa kengele, ambao una nguruwe mwitu wa jiwe la Kirumi aliyepachikwa ukutani. Je, ungebaki Maleventum ungepona hayo? Hapana, nisikudanganye. Jina halikuzuia bomu wala halikulileta.

Sasa nawe utaniambia: kama ni hivyo, mama, kuna ubaya gani nikilibadilisha? Nimekesha na swali hilo. Wewe ndiye unayeketi ofisini Dar watu wakicheka kila wakisema "Shida amefika". Si mimi. Uchungu wa kuchekewa naujua, na sitaki ubebe mzigo kwa ajili ya moyo wangu. Lakini bibi yako alikupa jina hilo mwaka baba yako alipolala hospitali miezi minne, nawe ukazaliwa mzima, akasema shida imetuzalia mtu. Jina ni la aliyelitoa, Shida! Basi, nimesema nisitoe hukumu, sitoi. Fomu ni zako, sahihi ni yako. Ila ukinisikia nikikuita lile la zamani mbele ya wenzako, usinikataze.

Bado sijamwambia bibi yako. Ninapoandika yuko barazani anapembua mchele, ameniuliza naandikia nani. Nikamwambia Shida. Akasema nikukumbushe dawa yake ya macho, ukija Desemba. Bahasha ile anayo mpaka leo, kwenye sanduku la bati, chini ya kanga zake mpya. Ukifika nitamwomba akuonyeshe.

Mama yako,
Tabu